Bastola Mpya na Shabaha Yake



Leo nataka kunena nanyi habari ya silaha ndogo, bastola, na jinsi inavyojaribiwa kabla ya mwenyewe kuitumaini. Najua ya kuwa wengi wanaonisikiliza hapa Nyangamara, na Mtama, na Nyangao, hata kule Kilwa, walilala utotoni katika nyumba ambamo gobori lilitundikwa ukutani, au walimsikia babu akisimulia jinsi alivyolishindilia baruti na kwenda nalo kulinda shamba usiku. Kwa hiyo bunduki si kitu kigeni kwetu. Walakini bastola ni jamaa mwingine wa ukoo ule ule, nayo ina tabia zake. Mtu anayedhani kwamba kwa kuwa amelizoea gobori basi ameijua na bastola, ni sawa na mtu asemaye kwamba kwa kuwa amepiga kafi katika mtumbwi mtoni, basi aweza kushika usukani wa jahazi wakati wa kusi.

Aliyenitia katika habari hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye ana duka, na pamoja na duka ni wakala wa fedha za simu. Msimu wa korosho ukifika, wakulima hulipwa kwa njia ya benki, na wengi huja kwake kutoa fedha zao kidogo kidogo. Basi humpasa kwenda mjini kuleta noti, akarudi nazo jioni katika mkoba, na njia ina vichaka. Aliifuata sheria hatua kwa hatua, akapewa kibali, akanunua bastola katika duka lenye leseni ya kuuza silaha. Kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za nyumbani?"

"Njema. Mjomba, kile kitu nimekipata, lakini sijapiga hata risasi moja. Nataka twende pamoja uwanjani, unitazame, kisha uniambie kama nimefanya vema."

Ninyi mnajua mjomba ni nani katika kabila zetu za kusini. Sikuweza kukataa. Na mimi nami niliwahi kufundishwa shabaha katika Jeshi la Kujenga Taifa, ingawa kwa bunduki ndefu.

Kwanza niieleze bastola yenyewe. Ukiilaza juu ya daftari la shule, daftari laifunika pande zote. Kasiba yake, yaani ule mwanzi unaopita risasi, ni sentimita 8 hivi. Uzito wake bila risasi ni kama nusu kilo. Jina la kiwanda sitalitaja, maana siku hizi viwanda vingi hutengeneza bastola za namna hii, na zote ni kama ndugu. Iliyovuma zaidi katika hizo ni SIG P365, iliyotolewa mwaka 2018. Watu waliistaajabia kwa sababu magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, kilichukua risasi 10 za milimita 9, na hali bastola nyingi za kimo chake zilikuwa zikichukua 6 au 7 tu. Siri yake ni kwamba risasi zimepangwa safu mbili zinazopishana, na zikifika juu hukaribiana mpaka kuwa safu moja. Ni ufundi mzuri, sikatai.

Lakini yafaa tujiulize, silaha imepunguaje hata ikaweza kuingia mfukoni? Jibu li katika baruti. Baruti ya gobori, ile nyeusi, ni mchanganyiko wa makaa, kiberiti na shura. Ikiwaka hutoa moshi mwingi na masizi mengi. Gobori halidhuriki sana, kwa kuwa hupigwa mara moja, kisha mwenyewe ana nafasi ya kuingiza mdeki na kulisafisha. Bali mtambo wenye vipande vidogo, unaojitilia risasi wenyewe, masizi yale huukwamisha upesi. Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, alipata baruti isiyotoa moshi, nayo ilikuwa na nguvu kuipita ile nyeusi kwa kipimo kile kile. Hapo mlango ukafunguka. Hugo Borchardt alitoa bastola yake yenye kujitilia risasi mwaka 1893. John Browning, Mmarekani, alibuni nyingine zilizotengenezwa Ubelgiji. Na mwaka 1902 Georg Luger alitoa risasi ya milimita 9, nayo ndiyo hiyo hiyo aliyoinunua mpwa wangu, baada ya miaka zaidi ya mia moja.

Tofauti ya baruti hizo mbili wazee wetu waliiona kwa macho. Vita vilipoanza mwaka 1914, wengi katika askari wa Wadachi walikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, na kila walipopiga, wingu jeupe lilipanda juu ya majani na kuwaonyesha adui mahali walipo. Na vita hivyo vyenyewe vilitanguliwa na mshindo wa bastola ndogo. Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana aitwaye Gavrilo Princip alimwua mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe, kwa bastola ya Browning ya mtindo wa mwaka 1910, ambayo ni ndogo ya kufichika ndani ya koti. Alipiga risasi mbili. Wenye elimu ya historia watasema kwamba vita vilikuwa na sababu nyingine nyingi, nao wasema kweli. Lakini baada ya miaka mitatu na ushei, mwezi wa Oktoba 1917, moto ule ulikuwa umefika Mahiwa, karibu na Nyangao, na kwa muda wa siku nne watu wakaanguka kama mahindi. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi elfu mbili. Nawaombeni mshike neno moja katika kisa cha Sarajevo, maana nitalirudia: Princip hakupiga kutoka mbali. Motokaa ilisimama hatua chache tu mbele yake.

Tena kuna jambo jingine la huku kwetu, la zamani kidogo kuliko hilo. Katika vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, watu waliokwenda na magobori, mikuki na pinde waliambiwa kwamba dawa itazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Hazikugeuka. Siwacheki wazee wale, maana walikuwa wakiipigania nchi yao, na wengine walilipa kwa roho zao. Nasema tu kwamba habari ya silaha ikitoka katika kinywa cha mtu, awe mganga, awe mwenye duka, awe kijana aliyeitazama katika picha za sinema, bado haijawa ushahidi. Ushahidi hupatikana pale risasi inapofika. Ndiyo sababu watu wakajenga viwanja vya shabaha.

Basi twende uwanjani. Ni kiwanja kirefu, na mwisho wake pana boma la udongo lililoinuka kupita kimo cha mtu mara mbili au tatu, ili kila risasi ifie humo. Mbele ya boma husimamishwa mbao zenye karatasi zilizochorwa duara. Mwalimu alikuwa askari mstaafu, mtu wa maneno machache. Kabla ya mpwa wangu kuruhusiwa kuigusa bastola yake mwenyewe, aliketishwa kivulini nusu saa nzima. Akafundishwa kanuni nne zinazojulikana karibu dunia yote, zilizoenezwa na Mmarekani Jeff Cooper, mwalimu mashuhuri wa bastola aliyefariki mwaka 2006. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama umeitoa wewe mwenyewe sasa hivi. Mdomo wake usielekezwe kamwe penye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kulenga. Na ujue kwa hakika shabaha yako ni nini, na nyuma yake kuna nini.

Hiyo ya nne ndiyo iliyonigusa zaidi, maana nilifikiri juu ya nyumba zetu. Mlango wa mbao hauzuii risasi ya milimita 9. Bati halizuii. Mtu anayepiga gizani uani kwake apige akijua kwamba nyuma ya mwizi kuna nyumba ya jirani, na ndani ya nyumba ya jirani kuna mkeka, na juu ya mkeka kuna watoto.

Kisha tukavaa vifuniko vya masikio na miwani. Mlio wa bastola hupita desibeli 150, na mlio wa ghafla unaopita 140 waweza kuliharibu sikio kwa mara moja tu. Tena kasiba ikiwa fupi mlio huzidi ukali, kwa sababu baruti nyingine haiwahi kuungua ndani, bali huunguzwa nje mbele ya mdomo. Nayo miwani ni kwa ajili ya maganda ya risasi, ambayo hurushwa nje yakiwa moto.

Karatasi ikawekwa meta saba. Ni karibu kama kutoka barazani kwangu mpaka mwembe. Mpwa wangu akasimama, akalenga, akapiga tano. Tulipokwenda kutazama tukakuta matundu mawili, yote chini upande wa kushoto. Tatu zilikwenda udongoni bila kuigusa karatasi. Kijana akaduwaa. Alikuwa amedhani kwamba kwa meta saba hata kipofu angepata.

Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba mtu wa mkono wa kulia akikivuta kifyatulio kwa pupa, na kuukaza mkono kwa kuungoja mshindo, mdomo wa bastola huinama chini kushoto kabla risasi haijatoka. Ili kumwonyesha, akachanganya katika magazini risasi za bandia na za kweli, kijana asijue ipi ni ipi. Mara ya tatu alipovuta, pakalia "tik" tu, pasiwe na mshindo. Na sote tukauona mdomo ukiinama wenyewe, kama kuku anayekunywa maji. "Umeona?" mwalimu akamwambia. "Bastola haijafanya neno. Ni wewe uliyeiogopa kabla haijalia." Wakarudia zoezi hilo mara nyingi, mpaka nikachoka kutazama, lakini hilo ndilo lililomfaa kuliko yote ya siku ile.

Sasa nieleze kwa wanafunzi kwa nini bastola ndogo ni ngumu kuliko bunduki kubwa, maana watu wengi hudhani kinyume. Jambo la kwanza ni umbali kati ya kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma. Katika bastola hii ni sentimita 13 hivi. Tuseme mkono umekosea kwa milimita moja tu, unene wa waya mwembamba. Kwa shabaha iliyo meta 10, kosa hilo hukua mpaka kuwa sentimita 7 na nusu na zaidi, yaani karibu upana wa kiganja. Chukua sasa bunduki ndefu ambayo vilengeo vyake viko mbali sentimita 65. Kosa lile lile la milimita moja huwa sentimita moja na nusu tu. Fanyeni hesabu wenyewe kwa kugawanya, mtaona.

Jambo la pili ni teke. Isaac Newton, Mwingereza, aliandika mwaka 1687 kwamba kila msukumo una msukumo wa kurudi ulio sawa nao. Risasi ikisukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma. Kama bunduki ni nzito, hurudi polepole, na bega huipokea. Kama ni nyepesi, hurudi kwa kasi, na hapa hakuna bega, kuna viganja viwili tu. Punguza uzito wa bastola kwa nusu, utakuwa umeongeza kasi ya kurudi kwake mara mbili, risasi ikiwa ni ile ile. Wepesi uliofurahiwa dukani hulipwa uwanjani kwa vifundo vya mikono.

Na teke hilo ndilo lililoleta kisa cha siku ile. Baada ya risasi ishirini na kitu, bastola ilinyamaza. Ganda tupu lilikuwa limebanwa kwenye tundu la juu, limesimama wima kama bomba la moshi wa meli.

"Mjomba," mpwa wangu akaniita kwa hasira, "nimeuziwa kitu kibovu!"

Mwalimu akaitwaa, akaitoa magazini, akalitoa lile ganda, akaangalia ndani. Kisha akaijaza risasi 10, akazipiga zote kwa mkono wake mwenyewe. Haikukwama hata moja. Akaijaza tena, akampa kijana. Ya nne ikakwama. Nadhani mwajua tayari iliko sababu. Bastola ya namna hii hujitilia risasi kwa nguvu ya teke lake: chuma cha juu hurudi nyuma, hulitoa ganda, kisha springi hukisukuma mbele kikiwa kimebeba risasi mpya. Lakini chuma hakiwezi kurudi nyuma juu ya kitu kisichosimama imara. Mkono ukilegea, bastola yote hurudi pamoja, na chuma cha juu hakifiki mwisho wa safari yake. Bastola nzito husamehe mkono mlegevu. Ile ndogo haisamehi. Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kushika: mkono wa kulia juu kabisa ya mpini, wa kushoto ukiuzunguka, vifundo vimekazwa, viwiko vikilegea kidogo. Alipofuata hivyo, bastola ikala risasi zake zote kama mbuzi anavyokula majani.

Mtu mwingine angerudi dukani siku ile ile kugomba na mwenye duka. Kwa hiyo nasema, bastola haipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na mkono utakaoibeba. Na kipimo chenyewe si cha risasi kumi. Waalimu wengi hushauri kupiga mia mbili au zaidi kabla ya kuitumaini silaha mpya, na kuzipiga risasi za namna ile ile atakayoibeba mwenyewe, maana nyingine huwa na ncha butu iliyo wazi, na mtambo huweza kuipokea moja na kuikataa nyingine. Ni gharama, najua. Risasi si karanga.

Kufika adhuhuri mpwa wangu alikuwa akitia risasi nane katika kumi ndani ya duara la upana wa sahani, kwa meta saba. Karatasi iliposogezwa mpaka meta 15, zikabaki nne. Nilifurahi, nikadhani kazi imekwisha. Lakini mwalimu akauliza, "Barabarani unaibeba wapi?"

"Ndani ya mkoba, afande. Chini ya fedha."

"Ina risasi ndani ya magazini?"

"Ndiyo."

"Haya. Ufunge mkoba wako kama unavyoufunga siku zote. Nikipiga kofi, itoe, upige mara moja." Akatoa risasi zote, akatia za bandia, akashika saa mkononi. Akapiga kofi. Kijana akafungua zipu, ikashika kitambaa. Akapapasa, akaitoa, akavuta chuma cha juu, akalenga, akafyatua. Sekunde kumi na moja.

Mwalimu akamwambia habari ya askari polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, jina lake Dennis Tueller, ambaye aliandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu akianza kukimbia toka umbali wa futi 21, ambazo ni meta sita na kitu, humfikia mwenzake kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Kisha akanyamaza. Mpwa wangu akaigeukia ile karatasi iliyokuwa meta saba, akaitazama kwa kitambo. Hapakuwa na haja ya kumweleza kwamba vichaka vya njia yetu viko karibu kuliko hapo, na kwamba wenye mapanga hawaji mmoja.

Tulizungumza sana njiani tukirudi. Niliona ni wajibu wangu kumwambia wazi, naye hakukasirika. Ile bastola si upuuzi. Katika mkono uliofunzwa, mchana, mbele ya mtu mmoja aliyeonekana mapema, yaweza kuokoa maisha. Lakini kwa safari yake ya jioni haikuwa ngao. Iliyokuwa ikimtia hatarini ni ratiba: kila Ijumaa, saa ile ile, pikipiki ile ile, mkoba ule ule ambao kila mtu sokoni alijua una nini. Basi tukakubaliana mambo ya kawaida kabisa. Aende asubuhi, abadili siku, achukue fedha kidogo mara nyingi badala ya nyingi mara moja, afuatane na mtu, na wateja wakubwa awashauri watoe fedha zao wenyewe benki. Na akivamiwa, fedha azitoe. Noti hurudishwa na korosho za mwaka ujao.

Tulipofika nyumbani habari zilikuwa zimetangulia, na majirani wakaja kuuliza. Mzee mmoja aliyepata hasara ya mihogo yake akataka kujua kama kibastola kile chaweza kumfukuza tembo. Mkoa wetu wa Lindi una tembo, na ni swali la haki, basi nilimjibu kwa hesabu. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi. Risasi ya bunduki kubwa ya tembo, ile iitwayo .458, ina gramu 32, na mwendo wake ni karibu mara mbili. Nguvu yake yapita ya bastola kwa zaidi ya mara kumi. Mwenye kumpiga tembo kwa bastola atakuwa amemkasirisha tu, kisha atabaki naye shambani wakiwa wawili. Tembo waitiwe askari wa wanyamapori. Mzee akasema kwamba hata gobori la babu yake lingefaa kuliko hicho, na kwa kishindo na moshi pengine hakukosea.

Gobori hilo lanikumbusha sheria. Silaha katika Tanzania zinatawaliwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyoondoa ile ya mwaka 1991. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa na bastola, wala bunduki, wala gobori la urithi lililofichwa darini, bila ya kibali. Mwenye kukitaka huanzia kwa viongozi wa mahali anapokaa na kituo cha polisi, nao huchunguza mwenendo wake na sababu zake. Kibali ni cha mtu aliyetajwa ndani yake, si cha nyumba. Ndugu hawezi kuazimwa, wala mtoto hairithi silaha kama anavyorithi shamba. Ikipotea, polisi waarifiwe mara moja. Walio na silaha zisizo na kibali serikali imewahi kuwapa muda wa kuzisalimisha bila kushitakiwa, kama ilivyofanya mwaka 2023. Na mtu aliyeachiwa gobori na marehemu asingoje tangazo jingine, bali aende kituoni kueleza.

Limebaki jambo la mahali pa kuiweka, nami nalinena hasa kwa wazazi. Gobori lilikuwa refu, zito, na bila baruti na fataki halikuwa na madhara kuliko mchi. Mtoto hakuweza kulipiga kwa bahati. Bastola huja na risasi zake tumboni, ni nyepesi, na umbo lake ni kama vile vya plastiki vinavyouzwa siku za Idi. Chini ya godoro si mahali. Juu ya kabati si mahali, kwa kuwa mtoto aliyeweza kuiba sukari hapo ataifikia na hiyo. Mpwa wangu amenunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, kimepigiliwa misumari mikubwa ukutani. Bastola humo, risasi katika kisanduku cha pili, na funguo zimo kiunoni mwake.

Na ninyi wanafunzi mnaosoma habari hii shuleni: mkikuta bastola mahali popote, nyumbani, njiani, au katika mkoba wa mgeni, msiishike hata kwa kidole, wala msimwache mwenzenu aishike kwa kusema ni ya bandia. Mmoja asimame mbali awazuie wengine, na mmoja akimbie kumwita mtu mzima.

Kwaherini.